Kumtembeza mbwa mkubwa mpole katika mtaa unaomwogopa

Aliyenifundisha kumtembeza mbwa ni mama mmoja muuza vitumbua. Ilikuwa alfajiri, giza halijaisha, yeye na beseni lake kichwani, mimi na mbwa wangu mwenye kilo 62. Alipotuona alisimama palepale, mguu mmoja ukingoni mwa mtaro. Nikamwambia kile tunachosema sote wenye mbwa: "Shikamoo mama, usiogope, haumi huyu." Akanijibu bila kusogea hata kidogo: "Marahaba. Umeambiwa wewe. Mimi hajaniambia."

Tangu siku ile sijalitamka tena neno "haumi" barabarani. Upole wa mbwa wako ni siri yenu ninyi wawili. Mpita njia anachokiona ni kichwa kikubwa kama sufuria ya ubwabwa, taya, na kamba asiyojua kama itahimili. Usitoke nyumbani kwenda kumbishia. Toka ukiwa umejipanga kumpa nafasi ya kupita, na kumwonyesha kwa vitendo kwamba umemshika.

Mbwa wangu ni Boerboel, aina ya mbwa wa mashambani kule Afrika Kusini, rangi ya ukoko wa mkate, ndiyo maana anaitwa Bofulo. Nilimchukua akiwa na miaka 2 kutoka kwa familia iliyokuwa inahama. Tunaishi Dar es Salaam, upande wa Kawe. Mwenye Rottweiler, German Shepherd au chotara mkubwa wa Tanga, Mombasa au Arusha atajua mwenyewe cha kupunguza na cha kuongeza.

Ila kuna sharti. Haya ni ya mbwa mpole kweli. Kama wako amewahi kumng'ata mtu, au huwa anamkoromea mgeni akisogea, usianze na barabara. Anza na daktari wa mifugo na mtu anayejua kufundisha mbwa.

Hatua ya 1: Ijue hofu unayokutana nayo

Kwetu mbwa mkubwa ana kazi. Geti limeandikwa "Mbwa Mkali", hata kama ndani hamna mbwa wala kinda la kuku. Mtu amekua akijua kwamba mbwa wa namna hiyo hufungiwa bandani mchana, huachiwa usiku, na ajira yake ni kumrarua mwizi. Akimkuta barabarani, kwa hesabu za mtaa ana maelezo mawili tu: ametoroka, au yuko kazini. Habari ya mbwa kutoka kunyoosha miguu haimo kwenye hesabu hiyo.

Halafu kuna kichaa cha mbwa. Tusiwacheke watu kwa hofu hii. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani limekadiria vifo takribani 59,000 kwa mwaka duniani, vingi vikiwa Afrika na Asia, na karibu visa vyote vya binadamu chanzo chake ni mbwa. Wahanga wengi ni watu wa vijijini, na watoto ni wengi miongoni mwao. Ukikutana na mtu mzima anayetetemeka mbele ya mbwa aliyekaa kimya, huenda utotoni alimwona ndugu yake akishindwa kumeza maji. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na wewe umemletea nyoka mwenyewe, ila asiye na sumu.

Ya tatu ni najisi, na hapa wenye mbwa wengi hukosea. Waislamu wa pwani yetu wengi wanafuata madhehebu ya Shafii, ambayo kwayo mate na unyevu wa mbwa ni najisi nzito: kilichoguswa huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Kikavu kwa kikavu hakina tatizo, ni unyevu ndio wenye kesi. Kwa hiyo mzee mwenye kanzu anaporuka pembeni usidhani mara zote anakimbia meno. Analinda nguo ya kusalia. Wala si chuki: Kurani yenyewe inamtaja mbwa wa watu wa pangoni, na inaruhusu mbwa wa kuwindia. Mzee jirani yangu hamgusi Bofulo hata kwa fimbo, lakini ndiye aliyenipigia simu siku alipotoka geti likiwa wazi, na alimwekea maji kwenye kifuu mpaka nilipofika.

Nimezitenganisha kwa sababu dawa zake ni tofauti. Anayeogopa meno anataka umbali na mbwa aliyekaa chini. Anayeogopa mate anataka pua ielekee kwingine, na mbwa awe mkavu. Usimpitishe mbwa aliyelowa karibu na watu: akijikung'uta, maji yanafika mita kadhaa, na hapo umeharibu kanzu tatu kwa mpigo.

Hatua ya 2: Kadi ya chanjo, kisha hodi kwa majirani

Chanjo ya kichaa cha mbwa huanza mbwa akiwa na umri wa miezi 3, kisha hurudiwa kwa ratiba atakayokupa daktari wa mifugo, kwa wengi wetu kila mwaka. Afisa mifugo wa kata yako atakuambia kampeni za chanjo zinafanyika lini na sheria ndogo za halmashauri zinataka nini. Piga picha kadi iwe kwenye simu. Siku ukiihitaji utakuwa barabarani, watu wamekuzunguka, na kadi yenyewe iko kabatini.

Kabla ya kumtoa mbwa, toka wewe peke yako. Nilianzia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, nikapita nyumba za njia nitakayotumia, kadi mkononi, mbwa nimemwacha nyumbani. Niliwaeleza saa ninazopita, na kwamba tukikutana mimi ndiye nitakayehama upande. Jambo hili lilinichukua Jumamosi moja na vikombe vingi vya chai. Dada mmoja mwenye kituo cha watoto wadogo aliniomba nisipite mbele ya geti lake kabisa, hata siku za mapumziko. Nikakubali. Ombi kama hilo usilijadili, badilisha njia.

Waulize pia kuhusu kinyesi, maana watakuuliza. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo mimi hutunza mifuko inayofungiwa mkate, nikikosa natumia gazeti kukuu. Okota kila mara, hata vichakani. Mtu anayekuona umeinama unaokota uchafu wa mbwa wako atakushangaa, lakini hatakuita mtu wa hovyo.

Hatua ya 3: Vifaa

Acha mnyororo nyumbani. Unakata viganja, na mlio wake unawakumbusha watu mbwa wa mlinzi. Tafuta kamba pana ya ngozi au nailoni nzito, urefu kati ya mita moja na nusu na mita 2. Zile kamba zinazojivuta zenyewe kwenye kisanduku ni za mbwa wa kubeba mapajani, kwa mbwa wa kilo 60 ni ajali inayosubiri siku yake.

Mkanda wa kifuani wenye pete mbele, katikati ya kifua, ndio ulioniokoa. Akivuta, anageuzwa kuelekea kwako badala ya kuburuta mbele. Mimi nina kilo 58. Kwa nguvu simwezi, na sijaribu. Usiizungushe kamba kiganjani wala mkononi. Pitisha kidole gumba kwenye kitanzi, funga ngumi, mkono wa pili ushike kamba karibu na mbwa.

Kuhusu kifunga mdomo watu wanabishana. Wengine wanasema ukimvalisha unatangaza kwamba anauma. Mimi naona inategemea mahali: kwenye vichochoro vyembamba namvalisha, kwa sababu kule sina umbali wa kumpa mtu, basi angalau nimpe kitu cha kukiona. Kiwe cha aina ya kikapu, ambacho mbwa anaweza kuhemea na kunywa maji akiwa nacho. Kile cha kitambaa kinachobana taya hakifai kwa matembezi. Mbwa hujipoza kwa kuhema mdomo wazi, na kwa joto letu ukimziba mdomo unaweza kumuua. Mzoeze taratibu: siku za kwanza weka dagaa ndani ya kikapu aingize pua mwenyewe, usifunge. Bofulo alichukua wiki mbili, sasa akikiona anatikisa mkia.

Usiku mwekee kitu cha kung'aa, kama fulana za waendesha bodaboda. Na kengele ndogo, kama ile ya mbuzi. Faida ya kengele nitaieleza kwenye habari ya mayai. Mdogo wangu alinishauri nimfunge kipande cha khanga shingoni apendeze. Nilikataa; ukimvisha mbwa khanga, shangazi zangu watanitoa kwenye ukoo. Kipande cha kitenge cha njano kimetosha.

Hatua ya 4: Maneno manne, ndani ya geti

Usitoke mpaka mbwa ayajue maneno manne: "kaa", "twende", "nitazame" na "pembeni". Mawili ya kwanza kila mtu anajua kuyafundisha. Nitakaa kwenye mawili ya mwisho.

"Pembeni" maana yake ni: njoo nyuma yangu, upande wa ukuta, ukae, mimi niwe katikati yako na njia. Simama umeupa ukuta mgongo, umeacha nafasi ya mbwa kuenea. Shika dagaa mkavu asiye na chumvi karibu na paja, mvute kwa harufu apite nyuma yako mpaka aingie kati yako na ukuta. Sema "pembeni" mara moja tu. Makalio yakigusa chini, mpe. Rudia mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Baada ya wiki moja anza kuleta usumbufu: mwambie mtoto wa nyumbani apite na ndoo, kesho yake apite na baiskeli, kisha na mwavuli uliofunguliwa. Akishindwa, punguza usumbufu, usipandishe sauti. Mbwa anayefokewa kila anapomwona mtu hujifunza kwamba watu huleta matatizo, na upole wake unaanza kuliwa kidogo kidogo.

Dagaa hawana mpinzani kwa kazi hii. Ni rahisi, wananuka vizuri kwa pua ya mbwa, na mfuko mdogo unatosha wiki. Ubaya wake ni kwamba suruali yako ya matembezi haitafaa tena kwenda harusini.

"Nitazame" hufundishwa kwa kungoja. Simama naye getini, geti likiwa wazi nusu. Atamtazama mpita njia. Siku moja, bila kuitwa, atageuza macho kwako. Sekunde hiyohiyo mpe dagaa. Akielewa kwamba kumwona mtu na kukutazama wewe ndiyo biashara inayolipa, atakuwa anafanya hivyo barabarani mwenyewe. Na mpita njia akiona mbwa anamtazama mwenye mbwa badala ya kumkazia macho yeye, mabega yake hushuka. Nimeliona hilo mara nyingi.

Wakati huohuo msome mbwa wako. Kupiga miayo bila usingizi, kulamba pua mara kwa mara, kufunga mdomo ghafla, kuonyesha weupe wa jicho, mwili kukakamaa: hizo ni dalili kwamba amechoka na hali ilivyo. Mkia kutikisika peke yake hakuthibitishi furaha. Angalia mwili mzima. Na ule msemo kwamba mbwa anayebweka haumi tuuache kwa wanaopenda misemo.

Kwa mtoto wa mbwa wa aina kubwa, matembezi yawe mafupi mpaka mifupa ikomae, karibu mwaka mmoja na nusu. Na mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu asitembezwe mara baada ya kushiba. Tumbo likijaa gesi na kujisokota ni dharura ya kumkimbiza kwa daktari, si ya kusubiri kesho.

Hatua ya 5: Saa na njia

Hapa ndipo pagumu kwa mji kama Dar. Jua linakupa asubuhi mapema na usiku tu. Weka nyuma ya kiganja chako juu ya lami. Ukishindwa kuhesabu mpaka saba, nyayo zake nazo zitaungua. Lakini asubuhi mapema ndiyo saa ya watu. Karibu na saa 11 alfajiri wanakwenda msikitini. Wakitoka wao, wanaingia wanafunzi gizani, na akina mama wa vitumbua na maandazi. Kwa hiyo ile alfajiri ya kwanza nilikuwa nimechagua saa mbaya kuliko zote, nikitaka nimwone mama yule ndiye mwoga.

Sasa tunatoka saa 2 na nusu usiku, sala ya isha ikiwa imekwisha na lami imepoa. Ninapita mitaa ya nyuma, nikikwepa kijiwe cha bodaboda na meza za chipsi, kwa sababu ya watu na pia kwa sababu ya mifupa ya kuku iliyotupwa chini. Njia ni ileile kila siku. Wengine hupenda kubadilisha ili mbwa asichoke. Mbwa hachoki, pua yake ina magazeti mapya kila nguzo. Njia ileile, saa ileile, huwazoesha watu. Baada ya miezi miwili mlinzi wa kona alianza kuniuliza jana nilikuwa wapi.

Jumapili maji yakipwa alfajiri tunakwenda ufukweni. Mchanga mgumu, upana wa kutosha, mtu unamwona akiwa bado mdogo kama njugu. Angalia kupwa na kujaa kabla ya kwenda, maana maji yakijaa ufuko unabaki uchochoro, na mmebanana na wavuvi na nyavu zao.

Hatua ya 6: Kukutana na watu

Mpangilio wangu ni huu: umbali kwanza, mwili wangu katikati, maneno mwisho.

Ukimwona mtu akiwa mita 30 hivi, amua upande. Vuka mapema na waziwazi, ili aone kwamba umemwona na umehama kwa ajili yake. Kama njia ni nyembamba, tafuta mwanya wa geti, "pembeni", subiri. Usijaribu kupishana mkitembea. Mtu humpita mbwa aliyekaa kwa urahisi zaidi kuliko mbwa anayemjia.

Kisha sema: "Shikamoo mzee, pita tu, nimemshika." Kwa rika lako, "Mambo, pita, nimemshika." Nimelitafuta neno hili muda mrefu. "Haumi" ni habari ya mbwa, na hakuna wa kuithibitisha. "Usiogope" ni amri kwa mtu ambaye moyo wake haupokei amri. "Nimemshika" ni habari yangu mimi, na anaiona mkononi mwangu. Mama wa vitumbua sasa ndiye anayetangulia: "Umemshika?" "Nimemshika, mama." Anapita, beseni halijatikisika. Hajawahi kumgusa Bofulo wala simwombi.

Mwenye mzigo kichwani hawezi kutazama chini wala kuruka. Kwake wewe ndiye unayeingia mtaroni, hata kama umevaa viatu vipya.

Watoto hukimbia, na mtoto anayekimbia akipiga kelele huwasha kitu ndani ya mbwa yeyote, awe mpole kama kondoo. Simama, mkalishe, mgeuze uso. Usiwafokee. Mimi niliwafundisha watoto wa mtaa siku ambayo mbwa hayupo, kwa mchezo: mbwa akija, simama kama mnazi, mikono chini, tazama pembeni, kimya. Sasa wakituona wanasimama minazi saba kwa mstari, mmoja akijifanya ameangusha dafu.

Vijana watakutania. "Dada, unamtembeza au anakutembeza?" "Anakula kilo ngapi huyo?" Jibu kwa utani, usinune. Wakiuliza jina, hapo ndipo jina linapofanya kazi. Mbwa wa mjini wengi ni Simba au Tyson, ukiita "Simba, njoo!" gizani, nusu ya mtaa inaingia ndani. Ukiita "Bofulo, pembeni!" mtu lazima acheke, na anayecheka mwili wake umelegea. Kama hujampa mbwa wako jina, fikiria vyakula.

Atakayetaka kumgusa, mwache mbwa aamue. Mtu asimame kiubavu, mkono uwe chini, mbwa anuse kwanza. Aguse bega au kifua, sio kichwa, ahesabu tatu, atoe mkono. Mbwa akirudi mwenyewe, aendelee. Asiyetaka asisukumwe hata kwa mzaha, na usimruhusu rafiki yake amvute mkono.

Sasa anayeinama. Kila mtu aliyekulia hapa anajua kwamba ukimwinamia mbwa kama unayeokota jiwe, anakimbia. Mbwa koko wanaijua ishara hiyo kuliko majina yao. Bofulo haijui. Hajawahi kupigwa jiwe, kwa hiyo mtu akiinama yeye hudhani kuna kitu cha kula kimeanguka, anataka akione. Fikiria hilo kwa macho ya aliyeinama: ameonyesha jiwe, na mbwa ndio kwanza anamfuata. Ukiona goti linapinda, fupisha kamba, simama mbele ya mbwa wako, inua kiganja kilicho wazi: "Usirushe, tunaondoka." Geuka, rudi ulikotoka. Usibishane, usimweleze sifa za mbwa wako. Likimpata jiwe, tazama kwanza kamba, ndipo utazame jeraha, maana maumivu humrusha hata aliye mpole.

Hatua ya 7: Mbwa koko

Hao ndio wanaonitisha mimi. Wawili watatu wakitoka jalalani, usikimbie na usimwachie mbwa wako "wamalizane". Kwao kuinama kunafanya kazi, inama. Wakiendelea kusogea, rusha konzi ya dagaa nyuma yao na uondoke kwa mwendo wa kawaida. Mwavuli ukifunguliwa ghafla usoni pao unasaidia pia, ndiyo maana mbwa wako ulimzoesha mwavuli mapema.

Mambo yakiharibika

Jioni moja tulikata kona ya duka tukagongana uso kwa uso na kijana wa baiskeli mwenye trei 2 za mayai. Bofulo hakufanya lolote. Kijana aliachia usukani. Mayai 60, na bila shaka Bofulo akaanza kulamba, jambo ambalo halikumtuliza mtu yeyote. Nililipa mayai yote palepale, nikampa na nauli. Usiseme "lakini mbwa hakumgusa". Hasara iliyoletwa na hofu ya mbwa wako ni yako, na mtaa mzima unatazama utakavyofanya. Tangu hapo kona naikata kwa upana, mbwa upande wa ndani, kamba fupi, na kengele inalia kabla hatujaonekana.

Jino likimpata mtu, hata mkwaruzo uliotoka damu kidogo: mfunge mbwa mbali kwanza. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, uzihesabu kwa saa. Usipake mafuta, pilipili wala majivu. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na kadi ya chanjo, ulipe wewe. Daktari ndiye atakayeamua kuhusu sindano, sio wewe na sio kadi. Mtaarifu afisa mifugo, na mbwa akae ndani akiangaliwa kwa siku 10. Na matembezi yasimame mpaka uelewe kilichotokea.

Mkirudi

Maji kwanza, kidogo kidogo. Halafu mlaze ubavuni, pitisha vidole katikati ya kila unyayo kutafuta miiba, vipande vya chupa na kupe. Angalia na ndani ya masikio, kupe wanapapenda. Anika kamba, osha kifunga mdomo, toa dagaa mfukoni kabla suruali haijaingia kwenye nguo za wengine. Mimi huandika mstari mmoja kwenye daftari: nani tulikutana naye wapi, alishtuka au hakushtuka. Wiki iliyopita niliona nimeandika kona moja mara tatu. Taa ya nguzo imeungua pale, watu wanatuona tukiwa tumeshafika. Mpaka itengenezwe tunapita mtaa wa pili.

Nikimaliza kuandika, Bofulo anakuwa keshaanza kukoroma, na kukoroma kwake nako kunasikika mpaka barabarani.